TAHADHARI: Mkienda Paris na rafiki yako, "hakuna matata" ya Sacré-Cœur si salamu

Tahadhari hii ni kwa mnaojiandaa kwenda Paris kwa mara ya kwanza, watu wawili, mkipanga kuona Mnara wa Eiffel, jumba la makumbusho la Louvre, kanisa la Notre-Dame na kilima cha Montmartre. Nendeni bila hofu, mji ni mzuri mno. Ila mjue kwamba kwenye maeneo hayo mgeni haporwi kwa panga, anapigwa changa la macho. Karibu mbinu zote zinategemea jambo moja: kuwatenganisha kwa hatua tatu nne tu. Mmoja anashikwa na maneno, mwingine anabaki kumtazama mwenzake badala ya kutazama mkoba.

Tuanze na Sacré-Cœur, kanisa lililo juu ya kilima cha Montmartre, kwa sababu pale mtego una lugha yetu. Wageni wengi hushukia kituo cha Anvers cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi, laini ya 2, wakapanda mtaa wa Steinkerque hadi bustani ya Square Louise-Michel, chini ya ngazi za kanisa. Kwenye njia za kupandia husimama vijana wenye nyuzi za rangi mkononi. Wakikuona wanaita "Hakuna matata!" na kukuita ndugu yao wa Afrika. Mtu aliyetoka Dar, Mombasa au Bukavu akisikia Kiswahili ugenini lazima moyo ulainike, asimame walau ajibu salamu. Jamani, maneno hayohayo mawili wanaitiwa pia Wajapani na Wamarekani. Ni chambo, hayahusiani na undugu.

Kinachofuata ni cha haraka. Anaomba kidole chako "kidogo tu", anazungusha uzi, anausuka huku anakuuliza umetoka nchi gani. Dakika haijaisha, bangili imekazwa kwenye kifundo cha mkono kwa fundo lisilofunguka kwa vidole, na unadaiwa euro 10 au 20. Mwenzako akija kukutetea anazungukwa na wengine wawili, na mkono wake nao unashikwa. Hapo uzi wenyewe si hasara kubwa. Hasara ni kwamba mkono wako mmoja umefungwa na wa pili unatafuta pesa, yaani umewaonyesha pochi inakaa mfuko gani.

Pitieni pale mikono ikiwa mfukoni au imekunjwa kifuani, mseme "Non, merci" (hapana, asante) bila kusimama, na mtembee bega kwa bega. Ukishafungwa uzi, usitoe pochi. Paza sauti na uendelee kupanda kuelekea kwenye watu wengi. Uzi utaukata kwa mkasi hotelini. Mkitaka kuwakwepa kabisa, shukeni Lamarck–Caulaincourt, laini ya 12, mtokee upande wa nyuma wa kilima. Kuingia kanisani ni bure.

Kwenye mtaa huohuo wa Steinkerque, na pia karibu na Mnara wa Eiffel, mtakuta mchezo wa vikombe vitatu na kijipira. Hii ni pata potea ileile tunayoijua nyumbani. Anayeshinda mbele yenu ni mpambe, anayewahimiza mweke pesa ni mpambe, na anayechungulia kona ya mtaa anawaangalia polisi wasije. Kijipira hakipo chini ya kikombe chochote wakati unapoweka euro 50, kipo kiganjani. Hata kusimama kutazama ni hatari, kwa sababu msongamano ule ndio shamba la wezi wa mifukoni.

Sasa usafiri. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle una teksi bubu zake. Mtu aliyevaa vizuri anawafuata ndani ya ukumbi wa kutokea, anasema "Taxi?" na kunyoosha mkono kwenye begi. Teksi halali haimtumi mtu ndani kutafuta abiria. Inasubiri kwenye foleni nje, na juu ya paa ina kibao kilichoandikwa "Taxi Parisien", kijani ikiwa wazi na chekundu ikiwa na abiria. Bei yake kutoka uwanja huo imepangwa na serikali: mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwenda ng'ambo ya kaskazini ya mto Seine na euro 65 kwenda ng'ambo ya kusini. Hiyo ni bei ya gari zima, si ya kila kichwa, na mizigo imo humo. Montmartre na stesheni ya treni ya Gare du Nord ni kaskazini. Mitaa ya Mnara wa Eiffel na Montparnasse ni kusini. Muulizeni dereva "forfait?", yaani ile bei iliyopangwa, kabla begi halijaingia kwenye buti. Teksi zinatakiwa kupokea kadi, kwa hiyo anayesema mashine yake imeharibika mmtilie shaka.

Kwenye mashine za tiketi, hasa Gare du Nord, jihadharini na "msaidizi". Atawaambia mashine haikubali kadi za kigeni, atalipa kwa kadi yake, ninyi mmpe pesa taslimu, tuseme euro 40 kwa tiketi za siku kadhaa. Anachowapa ni kadi yenye safari moja, au tiketi za nusu bei za watoto. Geti linaweza kufunguka, kwa hiyo mnaondoka mkiwa mmeridhika. Mnakuja kugundua mbele ya wakaguzi, na wao hawasikilizi hadithi: faini ni palepale, kila mtu yake. Nunueni wenyewe kwenye mashine au dirishani kwa mhudumu. Kadi ya usafiri iitwayo Navigo Easy iliuzwa euro 2 mwaka 2025, na kila mtu lazima awe na yake, maana watu wawili hawasafiri pamoja kwa kadi moja. Mwaka huohuo safari ya metro ilikuwa euro 2.50, na ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege euro 13. Bei hubadilika Januari. Mkitaka kujua kadi ina nini ndani, iwekeni kwenye kisomeo cha mashine, itaonyesha. Yule "msaidizi" akiwakataza kuijaribu kadi yake kabla ya kulipa, mmeshapata jibu.

Tiketi za mtandaoni ndizo zinazoumiza kabla hata hamjapanda ndege. Notre-Dame ilifunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia ndani ya kanisa ni bure. Nafasi ya saa maalumu kwenye tovuti ya kanisa nayo ni bure, na hata bila hiyo kuna foleni ya kawaida. Anayewauzia tiketi ya kuingia kanisani ni tapeli, hakuna mjadala. Kinacholipiwa ni kupanda minara na kuona hazina. Mnara wa Eiffel unauza tiketi za lifti kwenye tovuti yake, toureiffel.paris, kuanzia siku 60 kabla. Mtu anayezungusha tiketi mkononi chini ya mnara msimguse. Louvre hufungwa Jumanne, kwa hiyo tovuti inayowauzia Jumanne imejifichua yenyewe.

Wasichana wenye ubao wa karatasi za kutia saini, mara nyingi wakijifanya viziwi, hukaa kando ya Louvre na bustani ya Tuileries. Ubao huwekwa juu ya mkoba wako au juu ya simu iliyo mezani mgahawani, na mkono unafanya kazi chini yake. Simu isikae mezani kabisa. Anayeokota pete ya "dhahabu" miguuni penu anauza shaba, piteni.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga *#06# uandike karatasini namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, na kila mmoja awe na tiketi zote mbili kwenye simu yake. Kadi za benki na pesa zigawanywe kwenu wote wawili, na pasipoti zibaki hotelini mahali salama, mtembee na nakala. Mkiibiwa, fungeni kadi kwanza kwa kupiga simu benki, kisha nendeni kituo chochote cha polisi, commissariat. Kwa dharura piga 17 au 112. Ombeni nakala ya taarifa ya wizi yenye muhuri. Bila karatasi hiyo bima haiwalipi, na kama pasipoti imekwenda, ndiyo mtakayoipeleka ubalozini. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi hapohapo Paris.

Mwenye rafiki anayesafiri mwezi huu amtumie.