Biblia ya Maandishi Makubwa ya Zipu: Maoni ya Fundi Cherehani Aliyemnunulia Mama Mgonjwa

Wenye haraka niwape jibu kabisa: nunueni, ila zipu yake ni mbovu. Mwenye nafasi avute kiti.

Ninayoizungumzia ni Biblia ya Kiswahili, Union Version, maandishi makubwa, jalada jeusi la ngozi ya bandia lenye zipu inayozunguka pande tatu. Ina utepe mwekundu wa kuwekea alama, kingo za kurasa zimepakwa rangi ya dhahabu, na ubavuni pamekatwa vishimo vya kuingiza kidole vyenye majina ya vitabu, ili ukitaka Zaburi usipekue kuanzia Mwanzo. Niliinunua kwenye duka la vitabu vya dini hapa Dar es Salaam kwa elfu sitini na kidogo. Zipo za nusu ya bei hiyo zenye maandishi ya kawaida, na muuzaji alinishauri nichukue moja ya hizo halafu nimtafutie mama miwani ya kusomea kwa wamachinga. Nilimshukuru, nikalipa hii.

Mama ni mtu wa Usangi, kule Upare, Mlutheri tangu tumboni. Aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi, akapewa rufaa ya kuja Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, akafikia kwangu Mbagala. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa wa mionzi anaijua shughuli yake. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, mnatoka nyumbani giza bado, mnabanana kwenye daladala, mnashuka mjini, mnajikongoja mpaka Barabara ya Barack Obama, mnakaa benchi. Zamu ikikaribia anaambiwa anywe maji mpaka kibofu kijae ndipo aingie kwenye mashine, na mashine ikichelewa anakaa nayo hayo maji, kajikunyata. Kwenye benchi hilo kuna saa nyingi sana za kukaa bure na kuwaza.

Sasa mama ana mtoto wa jicho. Biblia yake ya tangu kipaimara ina herufi ndogo hata mimi nayapepesa macho, na hapo natunga uzi kwenye sindano kila siku. Kwa hiyo akawa mtu wa kusomewa. Mgonjwa anasomewa kila kitu: anasomewa majibu ya vipimo, maelezo ya dawa, risiti, tarehe kwenye kadi. Neno la Mungu nalo ikawa ni la kusomewa, na hapo ndipo nilipoona tatizo, kwa sababu anayesoma ndiye anayechagua.

Wageni walikuja wengi, Mungu awabariki, na matunda walileta. Lakini karibu wote walifungua Isaya 53, pale pa kupigwa kwake sisi tumepona, wakakemea ugonjwa, wakaondoka. Mmoja akamwambia mama waziwazi kwamba akiwa na imani kamili hatahitaji hata kumaliza mionzi. Huyo nilimsindikiza haraka kuliko wenzake. Walipoondoka, mama alibaki na swali ambalo hakuna aliyemsomea jibu lake: kama imani ndiyo inayoponya, na mimi nimeamka na maumivu yaleyale, je, Mungu ameniacha? Aliniuliza usiku, umeme umekatika, feni imesimama, mimi nimelala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake. Nilimwambia alale. Kesho yake, nilipomrudisha kutoka mionzi, nilienda dukani.

Tuje kwenye bidhaa yenyewe. Herufi ni kubwa kweli, si ule ukubwa wa kuandikwa kwenye boksi tu. Nyeusi, zimekolea, na nafasi kati ya mstari na mstari inatosha kupitisha kidole bila kufunika mstari wa chini. Hilo la kidole lizingatieni kama mnamnunulia mzee, maana wazee wetu husoma kwa kidole. Kurasa zina safu mbili, namba za mistari zinaonekana. Mama alisoma bila miwani mchana, na usiku kwa tochi.

Ila kwa tochi kuna kasoro. Maneno ya Yesu yamechapwa kwa wino mwekundu, na ule wekundu wake umepauka. Mchana hakuna shida. Usiku, kwenye mwanga mdogo, Mathayo na Yohana vilimshinda, Zaburi na nyaraka alizisoma. Mwenye macho mazima hawezi kuligundua hili akiwa dukani.

Karatasi ni nyembamba kiasi kwamba herufi za upande wa pili zinaonekana kwa mbali. Ni kawaida ya Biblia, vinginevyo ingekuwa tofali. Na hata hivyo ni nzito. Mgonjwa aliyelala chali hawezi kuishika juu ya uso, lazima aegemezwe na mito ailaze mapajani. Siku za dripu ya dawa hakuweza kabisa kusoma, kichefuchefu kilimkataza hata kuangalia ukuta. Siku hizo nilimwekea Biblia ya sauti kwenye simu, sauti ya chini, akasikiliza amefumba macho. Kwa hiyo sisemi simu haifai. Programu ya Biblia ni ya bure na herufi unazikuza unavyotaka. Ila simu ya mama inaingia ujumbe wa mikopo na wa bahati nasibu katikati ya Zaburi, na chaji inaisha saa tisa usiku, saa ambayo ndiyo yeye huamka.

Saa hiyo ndiyo iliyonifanya niipende Biblia hii. Nilianza kumkuta ameegemea ukuta, tochi ameibana kati ya shingo na bega, anasoma Warumi 8 mwenyewe. Hakuna aliyemchagulia. Alikwenda moja kwa moja mstari wa 35: “Ni nani atakayetutenga na upendo wa Kristo? Je! Ni dhiki au shida, au adha, au njaa, au uchi, au hatari, au upanga?” Na akifika kwenye mstari wa 38 na 39, kila penye “wala” anagonga ukurasa kwa ukucha. Wala mauti, tik. Wala uzima, tik. Wala yaliyopo, wala yatakayokuwapo, tik, tik. Ukurasa ule sasa una vijialama vya ukucha, ukiupapasa unavisikia.

Nilimuuliza kwa nini hapo na si pale kwenye ahadi za kupona. Akaniambia, “Mwanangu, hapa Paulo hakusema upanga hautakuja. Amesema ukija hautanitenga.” Akaendelea kusoma, mimi nikabaki nalo. Mwinjilisti wetu aliwahi kutufundisha kwamba barua ile Paulo aliiandika yapata mwaka 57, na mwaka 64 Kaisari Nero akawageukia Wakristo wa Rumi hiyohiyo, akawaua. Waliosomewa orodha ile kanisani, wapo walioukuta upanga wenyewe. Na mwandishi naye hakuwa amekaa kwenye kochi: anasema mwenyewe kwamba alipigwa na Wayahudi mara tano mapigo arobaini kasoro moja, akavunjikiwa jahazi mara tatu, akaomba mara tatu mwiba wa mwilini umtoke, na jibu alilopewa ni “Neema yangu yakutosha.” Mwiba ukabaki. Ukimwambia mtu huyo kwamba maumivu ni dalili ya imani haba, sijui utaanzia wapi.

Hapa niseme kuhusu marejeo, vile vijiandishi vya katikati ya safu vinavyokuelekeza mistari inayofanana. Ndiyo kasoro inayoniudhi kuliko zote. Wamekuza maandiko, marejeo wameyaacha madogo kama mbegu za ufuta. Mzee hawezi kuyasoma, kwa hiyo yalibaki kazi yangu. Na yana faida kubwa mno, haikupasa kuyadharau. Kwenye Warumi 8:36 yalitupeleka Zaburi ya 44, ambako Paulo aliyatoa maneno ya kuuawa mchana kutwa na kuhesabiwa kama kondoo wa kuchinjwa. Tukaisoma yote. Ni watu wanaomlalamikia Mungu kwamba hawakumsahau na bado wamepigwa, wanamwambia aamke, mbona amelala. Mama alicheka, ile ya kwanza tangu aje Dar. Alisema hakujua kama inaruhusiwa kusema hivyo kwa Mungu na bado ukawa mtu wake. Kutoka hapo akataka zaburi nyingine za vilio, tukaenda mpaka ya 88, ambayo inaanza na kilio cha mchana na usiku na inaishia gizani bila hata neno moja la kushangilia. Aliisoma asubuhi moja kwenye benchi kabla ya kuingia mionzi, kwa sauti, na mama mmoja wa Kigoma aliyekaa jirani akamwomba airudie.

Lile benchi likawa kama jumuiya. Kwa kuwa herufi ni kubwa, Biblia moja ililazwa katikati na watu wawili wakasoma pamoja, hata aliyesahau miwani. Yule wa Kigoma alipenda 1 Yohana 3:20, kwamba moyo wako ukikuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo wako, naye anajua yote. Alisema ugonjwa wa sehemu ile watu wanauongelea kwa kunong’ona, wanakuangalia kama uliutafuta, mpaka na wewe unaanza kujihukumu. Niliyasikia hayo nikiwa nashona pindo la khanga ya mama, nikainama zaidi kwenye sindano yangu.

Zipu. Hapa naongea kama fundi. Wametumia zipu ya plastiki nyembamba ambayo mimi ningeiweka kwenye pochi ya mtoto, si kwenye mzigo mzito unaofunguliwa mara nyingi kila siku. Kichwa chake kilianza kuachia meno kwenye kona, pale inapopinda, kwa sababu kona imekunjwa kali na kitambaa cha zipu hakikuachiwa ulegevu. Mshono nao ni wa hatua ndefu, uzi mwembamba, haukurudishwa nyuma mwishoni. Mwezi haukuisha, ikawa inafungwa na kubaki wazi mgongoni. Nilirudi dukani na risiti, nikaambiwa zipu haina waranti. Jalada lenyewe limeganda vizuri, gundi ya mgongo haijaachia, kurasa hazitoki. Aliyejalidi kitabu ni fundi kweli. Aliyeweka zipu alikuwa anawahi basi.

Nilifumua nikaweka zipu ya chuma kutoka Kariakoo, nikaipa kona nafasi, na nje nikaongeza mfuko wa kitenge wa kuweka kadi ya kliniki, miwani na nauli. Tangu hapo haijasumbua. Nimeshawashonea wengine mfuko kama huo, wawili ni wa palepale kwenye benchi.

Lugha ni ile ya Union ya 1952. Kwa mama hiyo ni faida, maana mistari aliyoikariri utotoni imekaa vilevile, na jicho likikwama mdomo unamalizia. Mwanangu wa kidato cha pili anaona ni ngumu, yeye nimemwachia Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi. Wakatoliki waulize kabla ya kulipa, hii ina vitabu 66 tu, haina Tobiti wala Makabayo.

Mama amemaliza mionzi, amerudi Usangi, na kliniki ya marudio anayo. Majibu kamili bado. Anaogopa? Ndiyo, kila tarehe ikikaribia, hafichi. Ila safari ya mwisho aliyokuja alipanda basi peke yake kutoka Same, Biblia mapajani, akakataa nimtume mtu kumfuata. Nilipomuuliza kama hakuogopa njiani, alisema aliogopa mpaka Chalinze, kisha akaanza kuhesabu “wala” zile, usingizi ukampitia.

Natoa nyota nne. Ya tano imeondoka na zipu na yale marejeo. Ukienda kununua, mpeleke mwenye kusoma, au angalau mpime kwanza nyumbani ujue anaona herufi ya ukubwa gani. Dukani fungua Warumi na Zaburi uzikague, kwani nakala niliyoshika mwanzo ilikuwa na kurasa zilizoshikana kwa ile rangi ya dhahabu, na mzee akizibandua kwa nguvu zitachanika. Omba uzimiwe taa usome Yohana 14 kwa tochi ya simu, muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Zipu ikikufia, fundi yeyote wa mabegi atakubadilishia kwa bei ya chakula cha mchana. Mwambie aweke ya chuma na asikunje kona.