Kedi ya kutia hadi diski (hard disk) ya pili kwenye laptopu, nlonunua Darajani

Assalaam alaykum jamani. Hapa mjini Unguja watu wengi tunafanya kazi za video, harusi, maulidi, vipindi vya skuli, na laptopu zetu ndo hizi za mtumba zina hadi diski, yaani pa kuwekea mafaili, moja tu na ishajaa zamani, sasa naona watu wanahangaika kutafuta pesa ya laptopu mpya na wala hawana haja nayo, ndo maana nataka niwaelezee hichi kidude.

Wenyewe wanakiita kedi. Ni fremu tu ya bati na plastiki, umbo lake sawasawa na ile DVD ya laptopu, kile kisehemu kinachosoma CD, unachomoa DVD unatia kedi, na ndani ya kedi unalaza hadi diski ya inchi 2.5. Basi. DVD yenyewe laptopu nyingi imeshikwa na skrubu moja tu kwa chini, ukishaifungua unaivuta inakuja. Ila ule uso wa plastiki unaoonekana ubavuni pamoja na kibati cha nyuma vitoe kwenye DVD ya zamani uvihamishie kwenye kedi, usivitupe, bila ya hivyo ubavu unabaki na tundu na kedi yenyewe haikazi, inachezacheza.

Sasa wanapoliwa watu ni hapa. Kedi ziko za unene wa milimita 9.5 na za 12.7, ziko kwenye paketi za namna moja na ukizitizama mbali mbali huwezi kujua ipi ni ipi. Rafiki yangu kuna duka wamemuuzia ya 12.7 wala hawakumuuliza ana laptopu gani, kufika nyumbani haiingii, kuirudisha wakamwambia mali ikishatoka hairudi. Huyu kijana nlonunua kwake mie, kabla hata hajaitoa kabatini akanambia "sheikh wangu tuitoe kwanza DVD tuipime, usije ukarudi na lawama", akachukua rula akapima mbele yangu, akatizama na mdomo wake kama ni SATA, plagi ya siku hizi, kwani laptopu za zamani khasa DVD zake ni IDE, plagi ya kizamani, na hizo zina kedi zake nyengine. Kedi elfu 20, ufundi elfu 10. Kazi ya namna hii nnailipia na moyo mweupe wallahi, mtu anayepima kabla ya kuuza.

Na kuna jengine alilonishauri, SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, usiitie kwenye kedi. SSD ikae pale ilipokuwa hadi diski ya mwanzo, Windows iwe humo, na ile hadi diski ya kuzunguka ndo ihamie kwenye kedi iweke mafaili. Sababu laptopu nyingi za zamani njia ya DVD ni SATA 2, mwisho wake gigabiti 3 kwa sekunde, wakati njia kuu ni gigabiti 6. Hadi diski ya kawaida haifiki hata hizo 3 kwa hiyo haipotezi kitu, lakini SSD ungeibana bure. Mie nimeweka hivyo na laptopu sasa inawaka upesi, ikashangaza hata watu wa nyumbani.

Diski mpya ukiitia usishtuke kama haionekani, lazima uianzishe na kuifomati kwanza, ukiulizwa mpangilio wa diski chagua GPT kwani MBR, ule wa zamani, hauvuki terabaiti 2. Na ya terabaiti 1 Windows itakuonyesha gigabaiti 931, ni namna inavyohesabu tu, hujaibiwa. Ukinunua diski tizama na unene wake, ya milimita 7 au 9.5 inaingia, hizi kubwa za milimita 15 haziingii kabisa.

Kasoro zipo. Chaji inakwisha mapema kidogo, na ukiweka mkono upande ule unahisi ile diski inazunguka. Tena usiibebe laptopu huku inaandika, kwenye boti bahari ikichafuka izime, diski ya kuzunguka haipendi mtikisiko.

Na tafadhalini sana, diski ya pili humo ndani si nakala ya akiba. Laptopu ikiibiwa au ikiingia maji zinakwenda zote mbili pamoja na harusi ya watu, na harusi hairudiwi. Kazi ya mteja iwe na kopi nyengine nje ya laptopu, hata kwenye diski ya kuazima.

Laptopu zisizo na DVD hii haiwahusu, nyinyi mtizame kama ndani kuna nafasi ya M.2, tundu la SSD ndogo bapa, na muulize ni ya SATA au NVMe, yaani ile ya kasi zaidi, kabla ya kununua chochote.

Wa Pemba, kama kuna anayejua duka Chake au Wete lenye kedi aseme, huyu rafiki yangu ana shemegi yake kule mwenye Dell ya zamani. Ile kedi ya 12.7 rafiki yangu bado anayo, labda itamfaa shemegi ila kwanza apime, isipoingia ndo atafute huko.