Nilimlaza mbwa wangu hapa, kwenye nyumba ya kulaza mbwa, sikukuu za mwaka mpya na Mapinduzi ya Zanzibar

Mwaka jana usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari nilimfunga Simba mnyororo uani kama siku zote, nikaenda zangu Maisara na watoto kuangalia fashifashi (fataki). Kurudi nakuta mnyororo tu, kola imekatika. Siku tatu tunamtafuta, tukaja kumpata Mwera, nyayo zimechubuka mpaka nyama na kila pikipiki ikipita anatetemeka. Iliniuma sana kwa sababu mie ndie nilomfunga.

Basi safari hii nikamleta hapa tarehe 30 Disemba mpaka 13 Januari, maana kwetu mjini mwaka mpya fashifashi, Mapinduzi fashifashi tena, na katikati watoto wanaripua baruti vichochoroni, na mbwa anasikia kuliko sisi halafu hajui kama watu wanafurahi. Pako shamba, kumetulia. Walitaka kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, sikuwa nayo, wakanirudisha nyumbani kuifata, njiani nimekasirika lakini nilivyowaona mbwa wengine mle ndani nikasema hawa wako sawa. Namba yangu ya simu wakaiandika kwenye kola kwa wino usiofutika.

Kijana anaewalisha ni Muislamu, nguo za kazi anaziweka mbali, wakati wa sala anakoga anabadili, na mbwa anawashika kwa upole hasa. Usiku wa Mapinduzi saa sita na robo kanitumia voisi, nyuma nasikia redio inapiga taarabu. Kumbe anaifungua tokea saa mbili ili mripuko usije ukawakuta kwenye kimya, na madirisha kayaziba kwa magunia. Simba kajificha chini ya meza, kamuacha hapohapo, hajamvuta. Na hafungwi mbwa mnyororo usiku ule, akiruka kwa hofu anaweza kujinyonga.

Kilichoniudhi, siku ya mwaka mpya mmoja wao kawapa makombo ya biriani, mifupa ya mbuzi na yote. Simba katapika usiku kucha. Jamani mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali unachana utumbo, na biriani letu lina vitunguu na zabibu kavu, kitunguu kinamharibu mbwa damu, zabibu zinamuua figo! Niliwapigia simu nikasema nao kwa ukali. Waliomba radhi, asubuhi wakampeleka kwa daktari wa mifugo kwa pesa zao, na siku ya kumchukua nikakuta ndoo ya makombo ina kifuniko na kufuli.

Bei 12,000 kwa usiku, kwa usiku 14 zikanitoka 168,000, si kidogo. Nyota nne. Anaetaka awahi, mie nilipiga simu mwanzo wa Disemba nikapata nafasi ya mwisho. Ya mwaka huu nishalipia nusu, na chakula chake ntabeba mwenyewe, ugali na dagaa zisotiwa chumvi.