Nyumba ya wazee niliyompeleka Mama: uzoefu wangu baada ya miezi 11

Niseme kwanza kwamba sikutaka kumpeleka. Nilimlea Mama nyumbani miaka minne baada ya kiharusi kumlegeza upande wa kushoto, na ugonjwa wa kusahau ulipoongezeka juu yake ndipo nikashindwa. Mgongo ulikuwa umekwisha kwa kumnyanyua, usiku silali, na siku moja nikamfokea kwa sababu ameuliza ni saa ngapi kwa mara ya ishirini. Alijikunyata kama mtoto aliyeona fimbo. Kesho yake nikaanza kutafuta nyumba.

Hii niliyoipata sitaitaja jina, kwa kuwa mengine nitakayosema si ya sifa na wahusika bado wanamhudumia. Naipa nyota nne kati ya tano.

Siku ya kumwandikisha nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali. Muuguzi mkuu hakuniuliza mimi. Alivuta kiti, akakaa macho yake yakiwa sawa na ya Mama, akamuuliza anapenda aitwe nani. Mama, ambaye siku hizo jina langu lilikuwa linampotea asubuhi likarudi jioni, alijibu bila kusita: "Mwalimu." Alifundisha miaka 34. Wakaandika Mwalimu kwenye faili, kwenye mlango na juu ya kitanda, na tangu siku hiyo hata anayepiga deki humwita hivyo. Wakati ule nililiona jambo dogo.

Wakauliza hutafunia upande gani, amewahi kupaliwa, giza linamtisha au halimtishi. Kisha likaja swali ambalo sikulitegemea: katika ukoo, nani asipewe habari zake? Nikanyamaza kidogo. Sisi tuna ndugu yetu mmoja ambaye kila akija kumjulia hali huja na karatasi na wino wa dole gumba. Niliona aibu kulisema mbele ya wageni, lakini mficha uchi hazai, nikalisema. Ikaandikwa kwamba hakuna karatasi itakayosainiwa wala kuwekwa dole bila muuguzi mkuu na mimi kuwepo. Yule ndugu alikuja mwezi wa pili. Alikaribishwa vizuri, akakaa na Mama, akaondoka na karatasi zake kama alivyokuja nazo.

Wengi tukikagua nyumba tunaangalia geti, kamera na vigae. Mimi pia niliangalia hivyo. Kamera ziko kwenye korido tu, chumbani na bafuni hakuna, na ndivyo inavyopaswa. Ila kilichonipa moyo ni karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kitanda, ya kumgeuza. Mama hawezi kujigeuza, kwa hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na aliyemgeuza huandika saa, ubavu na sahihi yake. Nikikuta karatasi ambayo saa zote ni kamili, saa 2, saa 4, saa 6, na wino ni mmoja, najua imejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Hapa niliona saa 4 na dakika 10, saa 6 kasoro robo, kalamu za rangi tofauti, mwandiko mbayambaya. Nikaiamini.

Nesi mmoja alinifundisha pia kuangalia visigino na mfupa wa chini ya kiuno. Kwenye ngozi nyeusi ukisubiri uone wekundu utachelewa. Unapapasa kwa mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kuliko kawaida? Rangi imeelekea zambarau? Miezi 11 Mama hajapata kidonda cha kulala hata kimoja. Kwangu alipata, nakiri.

Mwezi wa nne, Jumapili mchana, nikimbadilisha blauzi niliona alama nne ndogo zilizovilia damu upande wa ndani wa mkono wake wa juu, zimepangana, na nyingine moja peke yake upande wa pili. Shika mkono wa mtu uubane utajua ni nini. Mtu akianguka huumia magoti, viwiko, paji la uso. Hapo kwapani hapaangukiwi.

Nilitaka kupiga ukelele. Nikajizuia, nikamuuliza tu, "Mama, hapa pamekuwaje?" Sikuuliza nani amekupiga, maana mtu mwenye kusahau ukimtilia jibu mdomoni atalichukua. Akasema, "Wananivuta usiku."

Nilimwita nesi wa zamu nikitegemea kuambiwa kwamba ngozi ya wazee ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi, lakini hakuniambia hivyo. Alileta karatasi yenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, akaweka kila alama mahali pake, akazipima kwa rula, akaandika rangi, tarehe, saa, na maneno ya Mama kama yalivyotoka. Akasaini. Nikamwomba jambo libaki kati yetu mpaka niongee na kaka zangu. Akakataa kwa upole: "Dada, hili siwezi kukuahidi siri." Wakati ule nilichukia. Jioni ileile meneja akanipigia. Daktari alishaitwa, mhudumu wa usiku ameondolewa kwa Mama wakati wanachunguza, na mamlaka inayowasimamia imearifiwa kwa maandishi. Nakala nilipewa.

Usiku huo sikulala, nikawa nasoma taarifa za Shirika la Afya Duniani. Zinasema kiasi cha mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa ukatili wa namna fulani katika mwaka. Kwenye taasisi kama hizi, wafanyakazi 2 kati ya 3 walieleza kwamba wamemtendea mzee ukatili ndani ya mwaka mmoja. Sentensi hii niliirudia mara tatu. Hawakusemewa na majirani wala na ndugu wa mgonjwa, walisema wenyewe. Nikamkumbuka Mama alivyojikunyata siku ile nilipomfokea, na hasira yangu juu ya yule mhudumu ikapungua kidogo, bila mimi kupenda.

Uchunguzi ulionyesha kijana huyo alikuwa peke yake usiku na wazee 14. Mama akiteleza kitandani, alimsogeza juu kwa kumvuta mkono, badala ya kusaidiana wawili kwa shuka la kutelezesha. Mimi nilitaka afukuzwe. Hakufukuzwa. Alipewa onyo, akafundishwa upya, na zamu ya usiku ikaongezwa mtu. Kama walifanya sawa, mpaka leo sijaamua. Ninachojua ni kwamba mwezi uliofuata nilikwenda saa 5 usiku bila kuaga, nikasimama mlangoni. Walikuwa wawili, shuka limenyooshwa chini ya Mama, na yule kijana ndiye anayehesabu: "Moja, mbili, tatu, Mwalimu, tunapanda." Mama akaitikia "haya" kwa sauti ya darasani. Hapo ndipo nilipoelewa lile la jina.

Sasa nyota niliyoinyima.

Mwezi wa saba Mama alianza kupiga kelele jioni. Baada ya siku chache kelele zikaisha, nikafurahi, kumbe bado. Siku tatu mfululizo nilimkuta saa 9 alasiri kidevu kifuani, mate yanamtoka. Nikaambiwa amechoka. Nikaomba kuona karatasi ya dawa, na hapo nikakuta dawa mpya, zile za kutuliza wagonjwa wa akili, iliyoandikwa na daktari kwa simu bila kumwona. Hakuna aliyenipigia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu kundi la dawa hizo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, kwa sababu zinaongeza vifo. Na huyu ni mtu ambaye tayari ameshapata kiharusi. Wangemfunga kwa kamba kila mtu angeona. Kidonge hakina fundo.

Nilikataa kuondoka mpaka daktari aje. Alipokuja akaagiza mkojo upimwe, na kukawa na maambukizi. Mzee anaweza asipate homa wala asilalamike maumivu, akavurugikiwa akili ghafla tu, na hizo kelele ndizo zilikuwa malalamiko yake. Alipewa antibiotiki, ile dawa ya kumtuliza ikasimamishwa, na kabla ya wiki mbili Mama alikuwa ananiuliza tena ni saa ngapi. Sijawahi kulifurahia swali hilo namna ile.

Meneja aliniandikia barua ya kuomba radhi, na sasa hakuna dawa ya kutuliza inayoanzwa bila daktari kumwona mgonjwa na familia kuelezwa. Vizuri. Lakini aliyegundua ni mimi, na si kila mzee pale ana wa kumtembelea. Kuna mama wa chumba cha jirani ambaye sijaona mgeni wake tangu tumefika. Huwa naangalia na karatasi yake ya kugeuzwa nikipita, nikijua hainihusu.

Kero nyingine ni za kawaida. Simu wikendi hupokelewa kwa kubahatisha, na nguo hupotea kwenye kufua hata ukizishonea jina. Miwani ya Mama niliikuta imevaliwa na mzee mwingine, naye akasisitiza anaona vizuri kabisa.

Kwa anayetafuta nyumba ya mzazi wake, au ya mtoto mwenye ulemavu, ningemwambia aende muda wa chakula bila miadi, aone kama wanaolishwa wamekaa wima na kama anayelisha anasubiri mtu ameze. Kisha amtafute mfanyakazi wa chini kabisa amuulize: ukimwona mwenzako anamtesa mzee, unamwambia nani? Hapa nilimuuliza dada wa usafi. Bila kuacha kupiga deki alinitajia muuguzi mkuu, akanionyesha kwa kidevu namba iliyobandikwa nyuma ya mlango, akaongeza, "Na kama ni muuguzi mkuu mwenyewe, ile ya chini yake, ya nje." Katika nyumba niliyokagua kabla ya hii niliuliza swali hilohilo. Yule dada alimtazama kwanza meneja wake.