Hu Qing Yu Tang ya Hangzhou: jina la kusomwa kabla ya kununua dawa

Katika kichochoro cha Dajing, chini ya kilima cha Wushan mjini Hangzhou, kuna ukuta mweupe mrefu wenye herufi saba nyeusi, Hu Qing Yu Tang guo yao hao, kila moja kubwa kuliko mlango. Wageni wengi huzipiga picha na kupita. Ni hasara, kwa sababu duka hili la dawa za asili za Kichina limeandika ahadi yake hapo hapo ukutani.

Hu ni ukoo wa mwanzilishi, Hu Xueyan, tajiri wa benki na hariri aliyelifungua mwaka 1874. Tang ni ukumbi. Neno hili liko kwenye majina ya maduka mengi ya dawa China, na masimulizi hulihusisha na Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han, ambaye inasemekana alikuwa akitibu watu katika ukumbi wa baraza lake huko Changsha. Mpaka leo daktari anayepokea wagonjwa ndani ya duka la dawa huitwa “daktari aliyeketi ukumbini”. Herufi tatu za mwisho, guo yao hao, zinaeleza tu kwamba hapa panauzwa dawa za asili za nchi.

Uzito wote uko kwenye Qing Yu. Asili yake ni msemo wa Yi Jing, kitabu cha kale cha Kichina cha ubashiri na hekima: nyumba inayolimbikiza wema haikosi baraka za ziada, yaani baraka zinazobaki mpaka ziwafikie watoto. Katika msemo wenyewe maneno yamepangwa yu qing, lakini hapa yamegeuzwa. Wenyeji husimulia kwamba Yu Qing lilikuwa tayari jina la ukumbi wa Qin Hui, waziri anayelaaniwa kwa kifo cha jenerali Yue Fei. Kaburi la Yue Fei liko mji huu huu, kando ya Ziwa Magharibi. Nani angekunywa dawa iliyotoka chini ya jina la Qin Hui?

Ndani, inua macho. Kibao kinachowatazama wateja kinasema zhen bu er jia: mali halisi, bei moja. Ni tangazo zuri, ila kilicho bora zaidi kimeelekezwa upande wa wafanyakazi, nacho kina herufi mbili: jie qi, jiepushe na udanganyifu. Hu Xueyan alikiandika mwaka 1878, na maelezo yake yanasema kwamba kudanganya hakufai katika biashara yoyote, sembuse ya dawa, inayogusa uhai. Mteja asingekiona kama asingegeuka. Kwangu mimi, hicho ndicho kinacholipa jina thamani.

Ushahidi wa vitendo ni sufuria ya fedha ya gramu 1,835 na koleo la dhahabu la gramu 133. Vilitengenezwa kwa ajili ya zi xue dan, dawa ya homa kali, kwa sababu viambato vyake huathiriana na chuma na shaba na dawa ikaharibika. Usiondoke bila kuviona.

Somo la sufuria linamhusu pia anayebeba pakiti za mitishamba kwenda nyumbani. Tumia chungu cha udongo au chombo cha kioo kinachostahimili moto. Chuma huungana na tanini za mimea, mchuzi ukawa mweusi na dawa ikabadilika. Loweka kwa maji baridi kama nusu saa, maji yapite mimea kwa vidole viwili. Yakichemka, punguza moto kwa dakika 20 hadi 30, chuja, ongeza maji, chemsha tena, kisha changanya michujo yote miwili na uigawe kwa dozi za siku. Majani yenye harufu kali, kama mnanaa, huingia dakika tano za mwisho. Ukiyatia mapema, mafuta yake yote hutoroka na mvuke. Viambato vya mawe na magamba hutangulia motoni kabla ya mimea. Fu zi, mzizi wa akoniti wenye sumu kali, ndiyo ya kuogopwa: lazima itangulie motoni kwa muda wote ulioandikwa na daktari, kwa sababu sumu yake hupungua kwa kuchemshwa sana, na iliyoiva nusu inaweza kusimamisha moyo.

Kasoro ninayoiona ni kwamba makumbusho, duka na vyumba vya madaktari vimekaribiana, na mgeni anaweza kununua dawa kama anayenunua kumbukumbu ya safari. Anza kwa daktari. Atatazama ulimi na kushika mapigo sehemu tatu kwenye kila kifundo cha mkono. Mpe orodha ya vidonge vya hospitali unavyomeza, hata asipouliza. Danshen, mzizi wa dawa wa Kichina, ikikutana na warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kutokwa damu, na hilo halizuiliwi na uhalisi wa danshen yenyewe.