Vazi la neopreni la milimita 5 kwa anayejifunza kuteleza kwenye mawimbi ya ziwani

Nimelivaa vazi hili la neopreni, aina ya mpira wa kutengenezwa viwandani, msimu mzima wa kujifunza kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi ya ziwa lenye maji baridi, tangu pepo za mwanzo za vuli hadi barafu ilipoanza kushika ukingoni, na ninaweza kushuhudia kwamba linatunza joto kuliko linavyoiachia mikono nafasi ya kufanya kazi. Lina unene wa milimita 5 kiwiliwilini na milimita 4 mikononi na miguuni, na kofia yake imeshonewa humo humo.

Joto lake halina ubishi. Maji machache yanayopenya shingoni hubaki kati ya ngozi na mpira, mwili ukayapasha, na kwa kuwa mishono imetiwa gundi na sindano haikutoboa hadi upande wa pili, maji hayo hayatoki upesi kila wimbi linapokupiga. Katika maji ya nyuzijoto 6 za Selsiasi nilikaa zaidi ya saa moja kabla vidole havijafa ganzi.

Kasoro iko mabegani. Mawimbi ya ziwani huzaliwa na upepo wa karibu, kwa hiyo hufuatana kwa sekunde chache tu, ilhali baharini mwanafunzi anaweza kupata sekunde 10 au zaidi za kupumua. Tena maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban asilimia 2.5, hivyo ubao ule ule huzama kidogo zaidi na kuwa mzito kusukuma. Mtu hulazimika kuvuta maji kwa mikono, kwa haraka na bila kupumzika, na kila mvuto hushindana na mpira mgumu wa begani. Nusu saa haikuisha kabla sijajihisi kama mzigo uliofungwa nyuma ya baiskeli. Muuzaji alinijibu kwamba litalegea lenyewe. Limelegea kweli, ila shingoni, mahali pasipotakiwa.

Zipu ya kifuani ni imara, lakini jihadhari nayo siku ya baridi kali, kwani maji ya ziwa huganda kwenye nyuzi 0, mapema kuliko ya bahari. Siku moja iliganda nikiwa nimeshatoka majini, nami nikasimama upepo ukivuma, nikiipulizia pumzi hadi ikakubali kufunguka.