Makumbusho ya ndege za manowari, Yeovilton: nenda ukaione rangi ya Corsair

Mimi ni fundi wa rangi za magari, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu sasa iko Bristol. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayetazama bodi kwanza, injini baadaye. Fleet Air Arm Museum, makumbusho ya ndege za jeshi la majini la Uingereza, iko Yeovilton, Somerset, ubavuni mwa kiwanja cha jeshi la majini ambacho bado kinafanya kazi. Ukiwa nje utasikia helikopta zikipaa.

Iliyonishika miguu ni Corsair KD431, ndege ya kivita ya kurukia kwenye manowari. Iliundwa mwaka 1944 na Goodyear, haohao wa matairi, huko Akron, Marekani, kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Ilipofika makumbusho miaka ya 60 ilipakwa rangi mpya ili ipendeze. Miongo kadhaa baadaye mafundi wakaamua kuivua rangi ile ya juu, kwa mkono, kidogo kidogo kwa miaka, hadi wakaifikia rangi ya 1944. Gereji yoyote ingepiga msasa, ikapiga praima, ikapuliza upya, na wiki isingeisha. Kutoa tabaka la juu bila kulijeruhi la chini ni kazi ya subira ambayo mimi sijawahi kuiona kwenye gari lolote. Rangi imepauka na ina makovu, na ndiyo uzuri wake: unachokitazama ni kile walichokitazama wanajeshi wenyewe wakati wa vita.

Izunguke polepole. Mabawa yamepinda kwa sababu rafadha, yaani panga la puani, ina upana wa mita 4 hivi. Bila kuyapinda, miguu ya ndege ingekuwa mirefu na dhaifu ili rafadha isiguse chini. Waingereza walikata ncha za mabawa, kama sentimita 20 kila upande, maana ghala la ndege ndani ya manowari zao lilikuwa na dari fupi na mabawa yakikunjwa yangegonga. Pua nayo ni ndefu mno, rubani hakuiona sitaha mbele yake, ikabidi atue kwa kuja akizunguka.

Ya pili kwangu ni Sea Vampire LZ551. Tarehe 3 Desemba 1945 rubani Eric Brown aliitua juu ya HMS Ocean, mara ya kwanza kwa ndege iliyoundwa kuwa ya jeti kutua kwenye manowari. Ni ndogo kuliko nilivyodhani. Ndege ya Wyvern pia usiipite, ndiyo pekee iliyobaki duniani. Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ipo, watu wamejaa pale. Mimi nilipita tu.

Kwa sisi wa pwani kuna la ziada. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, na manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikahamishia makao Kilindini, Mombasa. Mwezi Mei ndege za manowari Illustrious na Indomitable zikaishambulia Diego Suarez, Madagaska. Zilikuwemo Swordfish, zenye mabawa juu na chini na mwili uliovikwa kitambaa. Na Tanga kwetu jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na kiwanja chake cha ndege, nalo, kwa desturi yao ya kuviita viwanja kama meli, likakiita HMS Kilele. Kusimama mbele ya Swordfish nikijua hayo kulinigusa sana, na ningependa kila kijana wa Tanga aliyeko Uingereza afike hapa.

Tenga siku nzima. Kutoka London, treni ya kutoka stesheni ya Waterloo hukushusha Yeovil Junction, halafu teksi. Kwa gari, barabara ya A303 inapita karibu. Siku za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalia kwanza. Ukienda na watoto, anza na ukumbi ulioundwa kama sitaha ya manowari Ark Royal, wapate kelele na msisimko wao mapema, ndipo wakuache na Corsair kwa nafasi.